Kabla ya mtaji: namna ya kuanzisha biashara ya kijamii isiyomwacha mtu mlangoni

Wengi wanaonijia wakitaka kusaidia biashara za kijamii za wanawake, watu wenye ulemavu au watu waliotoka gerezani huanza na fedha. Mtaji utoke wapi, uwe mkopo au ruzuku, kila mtu apewe kiasi gani. Mimi ni mtunza hesabu, na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kukaa na vikundi vya namna hiyo na kuvifungulia vitabu: mafundi cherehani, wasafishaji wa majengo, wazazi wa watoto wenye ulemavu, wakimbizi. Fedha ndiyo kazi yangu, na bado nasema ije baadaye. Vikundi vingi nilivyoviona vikifa vilikuwa na mtaji. Kilichoviua ni mkutano uliopangwa saa ambayo nusu ya wanachama hawawezi kutoka nyumbani, au sahihi ya benki kushikwa na mtu ambaye hafanyi kazi ile.

Ninaposema biashara ya kijamii nina maana ya biashara inayouza bidhaa au huduma kwa bei ya haki, inayolipa watu wake, na ambayo faida yake inarudi kwenye lengo lililoandikwa katika katiba yake. Tarehe 18 Aprili 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kuunga mkono uchumi wa kijamii na mshikamano, yaani biashara na vyama vya namna hii, na likazihimiza nchi wanachama kuweka sheria na sera za kuukuza. Chapisha nakala, uwe nayo kwenye mkoba unapokwenda kuonana na ofisa yeyote wa serikali. Mlango hufunguka mapema kidogo ofisa akijua kwamba jambo hilo si la kwako peke yako.

Kwanza, tafuta asiyekuwepo

Kabla ya kuitisha mkutano wowote, kaa na watu wawili watatu wanaoijua jamii ile na mwandike ni akina nani hawajawahi kufika kwenye mikutano ya aina hii. Hao ndio utakaoanza nao. Ukianza na wanaofika wenyewe, utajenga biashara inayowafaa wao, na wengine wakija baadaye watakuta kila kitu kimeshapangwa bila wao.

Kuhusu ulemavu, usimuulize mtu kama ana ulemavu. Wengi watakataa, ama kwa kuogopa kusemwa, ama kwa kudhani unamaanisha mtu wa kiti cha magurudumu tu. Tumia maswali sita ya Kundi la Washington, jopo la wataalamu wa takwimu lililoundwa chini ya Umoja wa Mataifa mwaka 2001. Yanauliza kama mtu ana shida ya kuona hata akivaa miwani, kusikia hata akitumia kifaa, kutembea au kupanda ngazi, kukumbuka au kutuliza akili kwenye jambo, kujihudumia kama kuoga na kuvaa, na kuelewana na wengine kwa lugha yake ya kila siku. Majibu ni manne: hakuna shida, shida kidogo, shida kubwa, siwezi kabisa. Wahesabu waliojibu mojawapo ya yale mawili ya mwisho. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 1.3, yaani asilimia 16 ya watu wote duniani, wana ulemavu mkubwa. Ikiwa kikundi chako cha watu 30 hakina hata mmoja, mwaliko wako haukuwafikia.

Mimi huongeza maswali mawili yangu. La kwanza: ukiwa huku, nani anabaki na mtoto au mgonjwa? La pili: nyumbani, nani lazima akubali kabla hujaja? Maswali haya yaulize faraghani, mtu mmoja mmoja. Mbele ya watu kila mtu atakuambia hana tatizo.

Mama mmoja aliyekuwa akimuuguza mume wake aliyepooza aliniambia, "Dada, kushona naweza hata usiku kucha. Kutoka ndiyo siwezi." Kwa jibu hilo moja kikundi kizima kilibadili mpango: vitambaa vikakatwa mahali pamoja, vikapelekwa majumbani, na mkaguzi wa ubora akapita kukusanya kazi. Kumbe walikuwa wanne wenye hali kama yake, na hakuna aliyekuwa amesema.

Saa, mlango, na nani anabaki na mtoto

Mwaka 2018 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kubwa kuhusu kazi za malezi. Ilionyesha kwamba mwanamke, kwa wastani wa dunia, hutumia saa 4 na dakika 25 kwa siku kwenye kazi za nyumbani na malezi zisizolipwa, na mwanamume saa 1 na dakika 23. Unapopanga mafunzo ya kutwa nzima, unampunguzia mwanamume muda wa mapumziko, lakini mwanamke unamdai saa ambazo hana. Kwa hiyo mpange wenyewe na wanachama: vipindi vifupi, saa wanayoichagua wao, na mtu anayelipwa kuangalia watoto chumba cha pili.

Nasema anayelipwa kwa makusudi. Nikifungua bajeti za miradi, mara nyingi naona malezi ya watoto, nauli ya msindikizaji na mkalimani wa lugha ya alama vimewekwa kwenye fungu la "matumizi mengineyo". Fungu hilo ndilo la kwanza kukatwa fedha zikipungua. Vihamishe kwenye gharama za moja kwa moja za mafunzo, sawa na vifaa na mkufunzi. Atakayetaka kuvikata italazimika aseme waziwazi kwamba anawaondoa watu fulani.

Mlango una vipimo vyake. Mteremko wa kiti cha magurudumu uwe na urefu mara 12 ya kimo chake: ngazi ya sentimita 15 inataka mteremko wa sentimita 180. Ukiwa mfupi zaidi ya hapo, mtu atahitaji kusukumwa, na mtu anayesukumwa kila siku ataacha kuja. Uwazi wa mlango usipungue sentimita 80. Choo kipimwe pia, tena kabla hujalipia ukumbi; nimeona kumbi nzuri zenye mteremko mzuri na choo kisichoingilika.

Mkutano ukizidi saa moja, waite wakalimani wawili wa lugha ya alama wapokezane, maana mmoja akichoka tafsiri huharibika na viziwi ndio wanaokosa nusu ya habari. Kwa wasioona, tuma maandishi yenyewe ambayo simu inaweza kuyasoma kwa sauti. Picha ya karatasi iliyopigwa kwa simu haiwasaidii. Kwa wenye uoni hafifu, chapa herufi za ukubwa wa 16 au 18. Na mwaliko usambaze kwa sauti pia, maana karatasi ubaoni inamwita anayejua kusoma tu.

Nani anaweka sahihi

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu na kila kikundi, na naomba msomaji naye asiharakishe.

Mwaka 1972 huko Ahmedabad, India, Ela Bhatt alianzisha SEWA, chama cha wanawake waliojiajiri wenyewe: wachuuzi, wabeba mizigo, washonaji wa majumbani. Benki hazikuwataka. Mwaka 1974 wanawake 4,000 walichangia hisa ndogondogo na kufungua benki yao ya ushirika. Wengi hawakujua kuandika, kwa hiyo picha ya mwenye akaunti ikatumika kumtambulisha mahali pa sahihi. Hilo ndilo ninalolipenda katika historia ile. Hawakusema mwanamke akajifunze kusoma kwanza ndipo aweke akiba. Walibadili taratibu za benki.

Kwa kikundi chako, fanya hivi. Akaunti iwe kwa jina la kikundi au la mwenye kazi, na watia sahihi wawe watu wanaofanya kazi ile. Laini ya simu inayopokea fedha isajiliwe kwa jina la mwanamke mwenyewe, na namba ya siri aijue yeye tu. Cherehani, friji au baiskeli inayonunuliwa iwe na stakabadhi yenye jina lake. Mambo haya yanaonekana madogo mpaka siku ya ugomvi nyumbani, au siku ya msiba ndugu wa mume wanapokuja kuorodhesha mali.

Utafiti unaunga mkono haya. Kwa miaka kadhaa majaribio yalionyesha kwamba wanawake wenye biashara ndogo wakipewa mtaji, faida yao haikui kama ya wanaume, na wapo waliofikia kusema kwamba wanawake si wafanyabiashara. Mwaka 2019 watafiti walirudia takwimu za India, Sri Lanka na Ghana wakaangalia nyumba nzima. Pale ambapo mwanamke alikuwa ndiye pekee mwenye biashara nyumbani, tofauti kati yake na wanaume ilitoweka. Pale ambapo mume naye alikuwa na biashara, mtaji wa mke ulikuwa ukiingia kwenye biashara ya mume. Kwa hiyo kabla ya kutoa chochote, uliza nyumbani kuna biashara ngapi na ya nani ndiyo husaidiwa kwanza. Wakati mwingine mke na mume wameelewana hivyo na wote wanafaidika; hiyo ni haki yao, na hesabu zako zitambue biashara zote mbili. Wakati mwingine hakuna maelewano yoyote. Hapo kifaa cha kazi kilichowekwa kwenye karakana ya pamoja humlinda kuliko fedha taslimu, na akiba yake iwe siri akitaka iwe siri. Kipato kipya cha mwanamke kinaweza kuleta vurugu nyumbani. Mtu wa kusikiliza habari hizo awe amejulikana tangu mwanzo, na awe mwanamke mwenzao.

Kwa watu wenye ulemavu kikwazo cha sahihi huwa kikali zaidi. Karani wa benki anamwambia asiyeona aje na ndugu, au anakataa alama ya kidole. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ibara ya 12, unazitaka nchi zilizouridhia zihakikishe mtu mwenye ulemavu anasimamia mambo yake ya fedha mwenyewe na anapata mikopo ya benki sawa na wengine. Nenda na ibara hiyo imechapishwa, umwombe meneja aisome mbele yenu, kwa adabu, na asiyeona mwenyewe ndiye aongee. Wewe kaa nyuma yake. Ukiongea wewe, karani ataendelea kukuongelesha wewe.

Bidhaa ipate mnunuzi kwanza

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Biashara nzuri za kijamii nyingi zimetokana na kile ambacho mtu wa pembezoni anakijua kuliko wengine. Mwaka 1988 huko Frankfurt, Andreas Heinecke alianza maonyesho ya gizani ambamo wasioona ndio huwaongoza wageni wanaoona. Tangu hapo yamefika nchi nyingi. Huko Denmark, Thorkil Sonne, ambaye mwanawe ana usonji, alianzisha mwaka 2004 kampuni ya Specialisterne inayoajiri watu wenye usonji kupima programu za kompyuta, kazi inayotaka umakini wa hali ya juu. Waombaji wengi wa aina hiyo hushindwa kwenye usaili wa maneno, kwa hiyo kampuni iliwapa kazi ya kujenga roboti za Lego na kuwaangalia wakifanya.

Nimejifunza mengi zaidi kutoka kwa Sonne kuliko kutoka kwa mashindano ya kuwasilisha mawazo mbele ya majaji, ambayo siyapendi. Mashindano yale humpa fedha anayejua kusema. Mwenye kigugumizi, kiziwi, mama asiyezoea kusimama mbele ya watu, hao hutoka mikono mitupu hata kama kazi zao ni bora. Ukitaka kuchagua, wape watu kazi ndogo ya kweli yenye malipo, uangalie matokeo.

Kisha mtafute mnunuzi kabla hamjatengeneza. Nendeni na sampuli kwa wanunuzi watatu, muulize wangelipa kiasi gani na kwa nini wasinunue. Msiuze huruma. Anayenunua kwa kuonea watu huruma hununua mara moja, akapiga picha, basi. Anayenunua kwa sababu mshono haufumuki atarudi.

Halafu bei. Hili ndilo kosa ninalolikuta kwenye madaftari ya wanawake kuliko jingine lolote: kazi yao wenyewe hawaihesabu. Chukua mkoba unaouzwa kwa 100, kwa fedha yoyote ile. Kitambaa na zipu ni 45. Uzi, umeme, pango na usafiri ni 15. Mshonaji anasema faida ni 40. Namuuliza unashona kwa saa ngapi, anasema 4. Fundi wa kawaida analipwa kiasi gani kwa saa? 12. Basi kazi yake ni 48, na mkoba ule unamtia hasara ya 8 kila anapouuza. Akiuza mingi ndivyo anavyozidi kuchoka na kuwa maskini, huku ripoti ya mradi ikisema mauzo yamepanda.

Njia za kutoka hapo ni chache: kupunguza muda, kupandisha bei, au kuiacha bidhaa. Kukata vipande vya mikoba 10 kwa pamoja na kugawana hatua za ushonaji kunaweza kushusha saa 4 zikawa 3. Kazi inakuwa 36 na inabaki faida ya 4. Ndogo, ila ni faida ya kweli, kwa sababu mshahara umeshalipwa ndani yake. Fanyeni hesabu hii kwa sauti, kila mwanachama aikariri.

Mafunzo

Yawe mafupi na ya mambo machache. Katika Jamhuri ya Dominika watafiti walilinganisha mafunzo ya kawaida ya uhasibu na mafunzo ya kanuni rahisi, kama kuweka fedha za biashara na za nyumbani kwenye droo mbili tofauti na kuandika kikaratasi kila unapohamisha. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba waliofundishwa kanuni rahisi walirekebisha kweli namna wanavyosimamia biashara. Waliofundishwa uhasibu hawakubadilika sana. Mimi mhasibu nimeyakubali, na sifundishi tena leja, yaani daftari kuu la hesabu, kwenye kipindi cha kwanza. Nafundisha mifuko miwili, na mshahara wa kudumu wa mwenye biashara, hata uwe mdogo vipi.

Togo nako, wenye biashara ndogo 1,500 waligawanywa katika makundi: mafunzo ya kawaida ya biashara, mafunzo ya kujituma na kuthubutu, na wasiofunzwa. Matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha faida ya kundi la kujituma imepanda kwa asilimia 30. Ya kundi la mafunzo ya kawaida ilikuwa asilimia 11, kiasi ambacho kitakwimu hakikutofautika na bahati tu. Mafunzo hayo humzoeza mtu kuanza jambo kabla ya kuambiwa, kutafuta njia nyingine ya kwanza ikifungwa, na kutazama mbali. Kwa mtu aliyeambiwa maisha yake yote kwamba aombe ruhusa, sioni la kumfundisha lenye thamani zaidi.

Fedha, kwa mpangilio wake

Anza na akiba yao. Mfumo wa vikundi vya kuweka na kukopa ulioanzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991 bado ndio darasa bora ninalolijua. Wanachama 15 hadi 25, kila kikao mtu ananunua hisa 1 hadi 5, fedha zinakaa kwenye sanduku lenye kufuli tatu na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti. Mwisho wa mzunguko wa miezi 9 hadi 12 wanagawana kilichopatikana. Hisa hugongwa muhuri kwenye kitabu cha mwanachama, kwa hiyo hata asiyejua kusoma anahesabu mihuri yake, na asiyeona hufuata hesabu kwa kusikiliza, kwa kuwa kila kiasi hutangazwa. Mfuko mdogo wa jamii pembeni unasaidia mwenye ugonjwa au msiba, ili mtaji usiguswe.

Lakini wapo maskini kiasi kwamba hata hisa moja hawana. Hao usiwakopeshe. Shirika la BRAC la Bangladesh, lililoanzishwa na Fazle Hasan Abed, liliona kwamba mikopo midogo haikuwafikia, likaanza mwaka 2002 mpango mwingine: mtu anapewa mali ya kuzalishia, posho ya muda ya kula ili asiiuze mali ile, mafunzo, mahali pa kuweka akiba, na mtu wa kumtembelea mara kwa mara kwa miaka kama miwili. Mpango wa namna hiyo ulipimwa katika nchi sita: Ethiopia, Ghana, Honduras, India, Pakistan na Peru. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2015 yalionyesha kaya zikiendelea kuwa na hali bora mwaka mmoja baada ya msaada wote kukoma. Honduras mpango haukulipa gharama zake. Kuku wengi waliogawiwa walikufa kwa maradhi. Mifugo ikija, mtaalamu wa mifugo na chanjo vije siku hiyohiyo.

Mkopo ni wa hatua ya tatu, biashara ikishakuwa na mnunuzi anayerudi. Ukifika hapo, pigania muda wa kupumua kabla ya rejesho la kwanza. Huko Kolkata, India, kundi moja la wakopaji lilianza kurejesha baada ya wiki mbili kama kawaida, jingine baada ya miezi miwili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba waliopewa miezi miwili waliwekeza zaidi na miaka karibu mitatu baadaye walikuwa na faida kubwa zaidi. Walioshindwa kulipa nao waliongezeka, na mkopeshaji ana haki ya kulijua hilo mapema. Suluhisho ninaloliona likifaa ni mfuko wa dhamana unaobeba sehemu ya hasara, ili mkopeshaji asikimbilie kurudisha marejesho ya kila wiki.

Na kila anayekopa aulizwe anadaiwa wapi kwingine. Mwaka 2010 jimbo la Andhra Pradesh, India, liliweka sheria kali dhidi ya wakopeshaji wadogo baada ya kaya nyingi kulemewa na madeni ya wakopeshaji kadhaa kwa mpigo na kukawa na taarifa za watu kujiua. Wengi wa wakopaji hao walikuwa wanawake. Dhamana ya kikundi, ambapo wenzako wanakulipia ukishindwa, hugeuka kuwa fedheha ya hadharani mambo yakiharibika. Mimi siikubali mahali ambapo wanachama hawakuchaguana wenyewe.

Umiliki

Waulize waanzilishi swali moja: biashara hii ikiuzwa, fedha zinakwenda kwa nani? Majibu yakitofautiana, katiba bado.

Ushirika una jibu la zamani. Wafumaji na mafundi 28 wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao mwaka 1844, walishika kanuni ya mwanachama mmoja kura moja, hisa ziwe nyingi au chache. Uingereza hiyohiyo ilipitisha sheria mwaka 2004 ya kampuni za maslahi ya jamii, ambamo mali ya kampuni imefungwa kisheria kwenye lengo lake na gawio kwa wenye hisa lina kikomo. Muhammad Yunus, mwanzilishi wa Benki ya Grameen, benki ya mikopo midogo ya Bangladesh, yeye anataka mwekezaji arudishiwe alichoweka tu, bila gawio lolote. Kwa vikundi vya watu waliozoea kuamuliwa, nachagua ushirika kila inapowezekana, kwa sababu ya ile kura.

Italia ndiko ninakowaelekeza wanaodai kwamba watu fulani hawaajiriki. Trieste, mwanzoni mwa miaka ya 1970, daktari Franco Basaglia alikuwa akizifungua wodi za hospitali ya magonjwa ya akili. Wagonjwa walikuwa wakisafisha hospitali bila mshahara, ikiitwa tiba. Wakaunda chama cha ushirika na kazi ileile ikawa na mkataba na malipo. Mwaka 1991 sheria namba 381 iliweka vyama vya ushirika vya kijamii nchi nzima. Vile vilivyoundwa kuwapa watu kazi lazima angalau asilimia 30 ya wafanyakazi wake wawe watu walio katika hali ngumu, wakiwemo wenye ulemavu, waliokuwa na uraibu na wafungwa wanaotumikia adhabu nje ya gereza, na chama husamehewa michango ya hifadhi ya jamii kwa ajili ya hao. Asilimia hiyo iandike kwenye katiba yako hata kama sheria ya kwenu haikulazimishi, na uiandikie ngazi za uongozi vilevile. Nimeona vyama vya wanawake vyenye mwenyekiti mwanamume na mweka hazina mwanamume, na wanawake 40 wakishona chini.

Wateja wakubwa na hesabu za kutazama

Hospitali, shule na manispaa hununua sare, usafi na chakula kila mwezi. Waombeni wagawe zabuni katika mafungu madogo na waondoe sharti la mauzo makubwa ya miaka iliyopita. Kisha simameni kwenye malipo: ankara ilipwe ndani ya siku 30, iandikwe kwenye mkataba. Ankara iliyochelewa imeua vikundi vizuri kuliko ushindani wowote.

Kila mwezi mimi hutazama vitu vichache tu: mshahara uliolipwa kwa saa, idadi ya wanunuzi waliorudi, akiba ya kila mwanachama, na nani ameacha kuja. Kwa huyo wa mwisho anatumwa mtu nyumbani wiki hiyohiyo, aulize kwa upole na aandike jibu kama lilivyosemwa. Majibu hayo yasomwe kwenye kikao bila majina, na ratiba ibadilishwe pale inapobidi.

Tarehe yako ya kuondoka itajwe siku ya kwanza na iandikwe kwenye mkataba wa usaidizi. Miezi sita kabla yake, wanachama ndio waende benki, wafanye mazungumzo na wanunuzi, wajibu simu. Siku ya mwisho kabidhi nenosiri la barua pepe, mhuri, daftari la mali, nakala za mikataba na orodha ya wanunuzi pamoja na namba zao, kila kimoja kwa mtu aliyechaguliwa kwa kura, na jina lako liondolewe kwenye orodha ya watia sahihi.